Adui Aliyetaka Maji

"Sasa huyu ndiyo adui gani?"

Aliyeuliza ni kijana aliyekaa kwenye benchi la saluni akisubiri zamu yake ya kunyolewa. Mimi nilikuwa kitini, shingo imefungwa kitambaa, kinyozi anamalizia upande wa kushoto. Runinga ya ukutani ilikuwa inaonyesha Quantum of Solace, ile ya James Bond ya mwaka 2008, na Dominic Greene alikuwa anamshinikiza jenerali mmoja wa Bolivia asaini karatasi.

"Ana ndege, ana majenerali, ana hela za kumwaga," kijana akaendelea. "Halafu kumbe anachotaka ni maji. Maji, braza!"

"Hiyo ya pili walikosea," kinyozi akamjibu bila kusimamisha mashine. "Ile ya kwanza, ya kamari, ndiyo muvi. Hii wametupiga."

Mzee mmoja aliyekuwa na gazeti akaongezea kwamba adui wa Bond lazima atake dunia nzima: bomu, setilaiti, kitu kizito. Wote wakakubaliana naye, na ubishi ukahamia kwenye mpira.

Alipomaliza kuninyoa, kinyozi aliniinamisha juu ya beseni. Akachota maji ndooni kwa kikombe cha plastiki, akanimwagia kwa kubana: kidogo ya kulowesha, kidogo ya kutoa povu, halafu akakamua taulo badala ya kusuuza mara ya pili.

"Samahani, kaka," akasema. "Bomba limekauka tangu juzi. Haya nimenunua ya toroli."

Nililipa nikatoka. Lile swali la kijana nikaondoka nalo, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Deni la ile ya kwanza

Nianze kwa kuwapa haki yao wote waliokuwa pale saluni, kwa sababu malalamiko yao si ya hewani. Filamu hii iligawa watu tangu wiki ya kwanza, na imewagawa hadi leo. Kuna wanaosema ndiyo Bond mbaya kuliko wote wa Daniel Craig. Kuna wachache, na kila mwaka nawaona wakiongezeka, wanaosema ilidhulumiwa. Marehemu Roger Ebert, mhakiki aliyeheshimika kuliko wengi Marekani, aliipa nyota mbili kati ya nne, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Bond si mtu wa kukimbizana na kupigana tu. Ana hadhi inayozidi hapo.

Tatizo la kwanza ni kwamba ilikuja nyuma ya Casino Royale.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunalijua agano la filamu za mapigano. Steringi hafi. Adui hufa mwisho, tena kwa mkono wa steringi. Mwanamke wa steringi hutekwa, hulia, huokolewa. Casino Royale ya mwaka 2006 ililivunja agano hilo waziwazi: Vesper Lynd anazama Venice, ndani ya kizimba cha lifti, Bond anamvuta mlango uko kati yao, na anakufa akiwa msaliti na mpenzi kwa wakati mmoja. Watu walitoka kwenye ile filamu wameshikwa na kitu kooni.

Kwa hiyo sehemu ya pili ilikuwa na deni. Ilitakiwa itueleze nini kinampata mtu baada ya hapo.

Na ilifanya jambo ambalo hakuna filamu ya Bond iliyokuwa imelifanya kabla yake: ilianza pale pale ile nyingine ilipoishia, saa moja haijapita, mtu yuleyule akiwa ndani ya buti la gari. Waliokuwa hawajaiona ya kwanza waliona kama wameingia ukumbini katikati. Waliokuwa wameiona walikuja wakitaka kukaa na Bond kwenye msiba. Wakapewa magari yanakimbizana kando ya Ziwa Garda.

Mkono wenye haraka

Hapa nakubaliana na kinyozi moja kwa moja.

Ile mbio ya magari ya mwanzo siielewi. Nimeirudia nikisimamisha, nikirudisha nyuma, na bado kuna sehemu sijui gari la nani liko mbele na la nani limegonga. Picha nyingi hazikai hata sekunde mbili. Mmoja wa wahariri, Richard Pearson, na mwongozaji wa vipande vya hatari, Dan Bradley, walikuwa wametoka kwenye filamu za Jason Bourne, na miaka ile kila mtu alitaka kamera itetemeke kama ya Bourne. Ila Bourne ni mtu asiyejijua, anayeona dunia vipande vipande. Bond anajijua vizuri mno. Macho yake hukaa juu ya kitu. Kumpa macho ya mtu mwingine ni kumpokonya nusu ya utu wake.

Mapigano ya Siena, kule Italia, ndiyo yananiuma zaidi. Walikwenda kupiga picha za Palio yenyewe, yale mashindano ya farasi ya uwanjani pale Piazza del Campo, umati halisi, farasi halisi. Halafu wakazikatakata na kuzichanganya na Bond anayemfukuza mtu chini ya ardhi, hadi huoni farasi na humwoni Bond. Kwenye vibanda umiza vyetu angalau mtafsiri wa muvi angekwambia nani anapigwa. Hii filamu kuna mahali inamhitaji kweli.

Sababu nyingine inajulikana. Mgomo wa waandishi wa Marekani ulianza Novemba 2007 na kwisha Februari 2008, na upigaji picha wa filamu hii ulianza mgomo ukiwa haujaisha. Paul Haggis alikuwa amekabidhi rasimu yake saa chache tu kabla ya mgomo kuanza. Baadaye Craig mwenyewe alisimulia kwamba waliingia kazini na mifupa ya hadithi, ikabidi yeye na mwongozaji Marc Forster wakae waandike mandhari usiku, wakati yeye si mwandishi.

Inaonekana. Casino Royale ina dakika 144. Hii ina 106, fupi kuliko Bond yeyote. Zile dakika zilizokosekana ndizo za watu kukaa na kuongea.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa upande wa saluni na makala hii isingeandikwa.

Usiku wa Bregenz

Kilichonigeuza kwanza ni opera.

Greene na wenzake wanakutana Bregenz, Austria, kwenye jukwaa kubwa lililojengwa juu ya ziwa, wakati Tosca inachezwa. Wamekaa wametawanyika katikati ya maelfu ya watazamaji, kila mmoja na kidude cha sikioni, wanafanya kikao cha bodi huku soprano anaimba. Kwenye jukwaa kuna jicho kubwa la rangi ya buluu linalowatazama wote. Bond anampokonya mmoja kidude chake, anapanda juu kwenye vyuma, anasikiliza. Halafu anawaingilia, anawaambia watafute mahali pazuri zaidi pa kukutania.

Wanashtuka. Mmoja mmoja anasimama na kuondoka, na kila anayesimama anapigwa picha.

Mr White, yule wa ndani ya buti la gari, hasimami. Anabaki kwenye kiti chake na kumwambia mwenzake aliye jirani kwamba si kila mtu anapenda Tosca. Ndiye pekee aliyeelewa kwamba ukikaa kimya hakuna atakayekujua.

Mandhari hiyo ina kila kitu ambacho filamu yenyewe imejinyima kwingineko. Ina utulivu. Unajua nani amekaa wapi. Halafu risasi zinapoanza, sauti zake zinaondolewa, inabaki muziki peke yake, watu wanaanguka jikoni na kwenye mgahawa huku kwenye jukwaa Scarpia, mtu mbaya wa opera hiyo, naye anauawa. Forster alikuja kwenye Bond akitokea kwenye filamu za huzuni na za familia, na hapa ndipo unaona kwa nini walimwita.

Baada ya kuiona tena niliacha kusema filamu ni mbaya. Nikaanza kusema ni filamu nzuri iliyofukiwa.

Lakini hata hivyo nilikuwa bado nazungumzia ufundi, na swali la kijana halikuwa la ufundi. Lilikuwa la maji.

"Basi lipa maradufu"

Fikirieni jinsi Greene alivyoandikwa. Hana kovu usoni, hana paka, hana jino la chuma. Mathieu Amalric anamcheza kama mtu unayeweza kumkuta kwenye semina ya mazingira, na kweli kampuni yake ya mbele inajinadi kwa kuokoa misitu. Anachangisha pesa kwenye tafrija. Anaongea taratibu. Akiwa Haiti anamsimulia Jenerali Medrano, yule Mbolivia wa kwenye runinga, jinsi serikali iliyopandisha mshahara wa kima cha chini ilivyokera kampuni za kushona fulana na viatu, na jinsi watu wake walivyosaidia "kubadilisha" mambo. Anasema kama mtu anayeeleza bei ya saruji.

Mpango wake ni huu: ananunua kipande cha jangwa ambacho kila mtu, hata Marekani, anadhani kina mafuta. Chini yake amejenga mabwawa na kuzuia mito ya ardhini, hadi vijiji vinakauka. Anampa Medrano nchi. Halafu, Medrano akiwa tayari ameshaonja urais, anamwekea mkataba mezani: serikali mpya itanunua huduma ya maji kutoka kwake, na yeye sasa anamiliki zaidi ya asilimia sitini ya maji ya Bolivia.

Medrano anasoma. Anasema hii ni mara mbili ya tunacholipa sasa.

Basi lipa maradufu, anajibiwa.

Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa kwenye runinga wakati kijana anauliza huyu ni adui gani.

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani waliuliza vilevile. Waliona mpango ni mdogo, bili ya maji tu, hauna ukubwa wa kumtuma 007. Naelewa. Ukiwa na bomba linalotoa maji kila ulifungualo, bili ya maji ni bahasha ndogo ya mwisho wa mwezi. Lakini kwamba sisi nasi tulilirudia swali hilo, kwenye saluni ambayo kichwa kinaoshwa kwa kikombe, hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Tumejifunza wapi kwamba bomu la nyuklia ni kitu kizito na maji ni kitu chepesi? Sijawahi kuliona bomu hilo. Dumu la lita ishirini nimelibeba.

Cochabamba, Ruvu

Waandishi hawakuiota Bolivia. Mwaka 1999 serikali ya nchi hiyo iliingia mkataba wa miaka 40 na kampuni iitwayo Aguas del Tunari, iliyokuwa na mkono wa Bechtel ya Marekani, kuendesha maji ya mji wa Cochabamba. Mapema mwaka 2000 bili zikapanda, za baadhi ya familia hadi mara mbili. Hata visima ambavyo watu wa pembezoni walikuwa wamechimba kwa nguvu zao vikaonekana vinaingia mikononi mwa mwekezaji. Watu wakajaa uwanjani, wakiongozwa na Óscar Olivera, kiongozi wa wafanyakazi wa viwandani. Jeshi likaletwa. Kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, akapigwa risasi akafa. Aprili hiyohiyo mkataba ukavunjwa. Wenye kampuni wakaishtaki Bolivia kwenye ICSID, baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, na shauri hilo wakaliacha Januari 2006.

Sasa tusogee nyumbani.

Mwaka 2003 usambazaji wa maji wa Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi, katika mpango uliosukumwa na Benki ya Dunia. Mwaka 2005 serikali ikasema kampuni imeshindwa kazi, ikauvunja. Wawekezaji wa nje waliokuwa nyuma yake, Biwater Gauff, wakaipeleka Tanzania kwenye baraza lilelile la ICSID. Hukumu ilitoka Julai 2008. Baraza liliona kwamba namna serikali ilivyoitwaa kampuni ilikiuka makubaliano ya kulinda wawekezaji, lakini halikuamuru ilipwe fidia hata senti.

Julai 2008. Quantum of Solace ilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 31 Oktoba 2008.

Nilipoziweka tarehe hizo pamoja nilinyanyuka mezani nikazunguka chumba. Miezi mitatu. Nchi yetu ilikuwa imetoka kwenye kesi ya nani alisimamie bomba la Dar es Salaam, na filamu kubwa ya kijasusi ya mwaka huohuo ilikuwa na adui anayetaka kushika bomba la nchi. Tulioitazama wakati ule tulisema haina adui.

Sisemi City Water ilikuwa Greene. Kulikuwa na mtandao wa mabomba uliooza miaka mingi kabla yao, wateja wasiolipa, mita zisizosomeka, na serikali iliyosaini kwa macho yake. Na maji hayakuanza kumwagika siku walipoondoka. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua hadi DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikaweka mgao, na jiji zima, Masaki kwa Mbagala, likawa linaulizana "kwenu yametoka?" Hapo hakukuwa na jambazi yeyote, kulikuwa na ukame. Ila mgao ule ulionyesha ni nani anayeumia mapema na ni nani anayechelewa kuumia. Mwenye tangi kubwa na namba ya dereva wa boza alisumbuka kwenye mfuko. Mama anayepanga foleni na ndoo saa kumi alfajiri alisumbuka mwili mzima.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo Greene anaijua kuliko wote kwenye filamu ile.

Shaka inayonirudisha nyuma

Rafiki yangu mmoja, mtu wa filamu kweli, nilimsomea haya kwenye simu. Akaniacha nimalize, halafu akasema: "Ndugu yangu, hayo yote umeyaleta wewe. Kwenye filamu hayamo."

Nimekaa na maneno hayo kuliko nilivyokaa na swali la kijana.

Ana hoja. Angalieni wananchi wa Bolivia wanapata muda gani. Bond na Camille, mwanamke anayemwinda Medrano, wanatoka kwenye shimo la jangwani baada ya kugundua bwawa la siri. Wanapita kijijini. Watu wamelizunguka tangi, bomba linatoa tone, halafu halitoi. Kuna nyuso za wazee na za watoto. Ni mandhari nzuri, tulivu, hakuna muziki wa kulazimisha machozi. Na inakwisha kabla hujakaa sawa. Hakuna mwanakijiji anayepewa jina. Hakuna anayesema sentensi moja ndefu juu ya kisima chake. Filamu ambayo adui wake ni mwizi wa maji imewapa walioibiwa muda mfupi kuliko ule iliompa Bond wa kuruka kwenye paa za Siena.

Hata Bolivia yenyewe haimo. La Paz mnayoiona ni Panama. Haiti ni Colón, Panama vilevile. Jangwa ni Atacama ya Chile, na ile hoteli inayolipuka mwishoni, kwa nje, ni makazi ya wanafalaki wa kituo cha kutazama nyota cha Paranal. Meya wa Sierra Gorda alikasirika hadi akaendesha gari lake katikati ya upigaji picha, kwa sababu ardhi ya Chile ilikuwa inavishwa sura ya Bolivia. Kwa mtu wa mbali ni kichekesho. Lakini Chile iliichukua pwani ya Bolivia kwa vita iliyoanza mwaka 1879, na pale watu hawajasahau nani anamiliki mchanga upi.

Hili tunalijua hata huku. Casino Royale ina mandhari ya mwanzoni iliyoandikwa Mbale, Uganda, waasi na mvua na sanduku la pesa. Ilipigwa Uingereza. Majina yetu husafiri kuliko sisi.

Kwa hiyo rafiki yangu alinitikisa. Je, naipa filamu sifa ambazo ni za watu wa Cochabamba? Nilijiuliza hivyo kwa siku nyingi, na sitaki kujifanya kwamba jibu lilikuja lenyewe.

Nilipofika ni hapa. Ule mkataba umo. Maneno "lipa maradufu" yamo. Wakala wa Marekani na waziri wa London wanaoamua kwamba Greene ni mtu wa kufanya naye kazi kwa sababu wanadhani ana mafuta, nao wamo, na wameandikwa kwa hasira ya kweli. Felix Leiter, jasusi wa CIA, anakaa na bosi wake, uso wa Jeffrey Wright umejaa aibu, anajua wanamlisha nani. Mtu aliyeandika hayo alijua anaandika nini. Sikuyaleta mimi. Nilichokileta ni kikombe cha plastiki.

Msiba wa mtu asiyelia

Kuna jambo moja zaidi, na nadhani ndilo linalowafanya walioipenda wairudie.

Mathis anakufa mikononi mwa Bond, barabarani La Paz. Ni mzee ambaye Bond alimdhania msaliti, akamfanya ateswe, halafu akaenda kumwomba msaada na mzee akakubali. Anapokata roho Bond anambeba, anamtupa kwenye pipa la taka, anachukua pesa kwenye pochi yake. Camille anamuuliza kama ndivyo anavyowafanyia marafiki. Anajibu kwamba Mathis asingejali.

Nilipoiona mara ya kwanza niliona ni ukatili wa bure. Hata leo kwa mila zetu inanitoa jasho. Maiti husitiriwa, hata ya adui. Ila nimewahi kukaa kwenye msiba na mtu wa aina hii. Yule anayesimamia jeneza, anayelipa mabasi, anayefokea wapishi, hatoi chozi, na watu wananong'ona kwamba hakumpenda marehemu. Siku ya tatu unamkuta nyuma ya nyumba amesimama peke yake na hawezi kukujibu salamu.

Bond wa filamu hii ni huyo. Kwenye ndege kwenda Bolivia yuko macho, anakunywa kinywaji kilichobeba jina la Vesper na hawezi kukitaja jina lake. Kila anayemgusa anakufa, Fields, wakala mwenzake, analala kitandani mwili mzima umepakwa mafuta ghafi, na M, bosi wake, yaani Judi Dench, anamtazama kama mama anayeshindwa kumfikia mwanawe. Haraka ya filamu nzima, ile ile niliyoilaani pale Siena, hapa inaeleweka. Anakimbia ili asikae.

Halafu mwishoni, Kazan, theluji, anampata Yusef, yule aliyemtega Vesper kwa mapenzi. Tumesubiri filamu mbili. Agano linasema sasa.

Hamuui. Anatoka nje, M anamwambia anamhitaji arudi, naye anajibu kwamba hakuwahi kuondoka, anaiacha mkufu wa Vesper uanguke kwenye theluji.

Steringi aliyekataa kumaliza kama steringi. Naona hapo ndipo wengi walipohisi wamepigwa, na hapo ndipo mimi ninaposimama upande wa filamu bila kigugumizi.

Bwawa

Dunia nzima iliingiza karibu dola milioni 590, kwa hiyo hakuna aliyefilisika. Skyfall ya mwaka 2012 ikaja, nzuri sana, ikarudi London na Uskochi, na habari ya Greene na wenzake ikaachwa kama haikuwepo. Spectre ya mwaka 2015 ikasema wote walikuwa tawi tu la kitu kingine, kinachoongozwa na mtu mwenye kisasi cha utotoni. Mkataba wa maji ukawa ugomvi wa ndugu. Hilo silisamehi kirahisi. Walikuwa wameshika adui wa kweli wa karne hii, wakamwachia aende, wakamrudisha yule wa zamani mwenye kovu.

Na Quantum of Solace yenyewe nina kinyongo nayo kimoja, kikubwa kuliko magari na kamera. Medrano anapigwa risasi na Camille, aliyemsubiri tangu utoto. Greene anaachwa jangwani na kopo la mafuta ya injini anywe akishikwa na kiu, adhabu iliyopimwa sawasawa. Hoteli inawaka. Yusef anakamatwa. Kila mtu aliyetoka London au La Paz na kinyongo chake anapata kukimaliza mbele ya macho yetu.

Bwawa hatuonyeshwi likivunjwa. Tulipelekwa chini ya ardhi tukaliona, maji meupe yamelala gizani, na kijiji kilicho juu yake tulikiona kikiwa kikavu. Ilihitajika dakika moja tu ya filamu, kwenye bajeti ya mamilioni mia mbili, ukuta ule upasuke na lile tangi la kijijini lijae. Waliandika hadithi ya maji wakasahau kuyarudisha kwa wenyewe, na kwa hili hakuna mgomo wa waandishi utakaonifanya niwaelewe.